Mchango wa Dharura: Pesa Iingie Wapi, na Nani Aione?

Sote tumewahi kuipata ile meseji. Ni saa tatu usiku, umeshakula, simu inalia. Kwa grupu la wamama wa mtaa kuna picha ya kitanda cha hospitali na maneno machache: dada yetu amepigwa na mumewe, yuko wodini, hospitali inataka pesa ya kuanzia matibabu asubuhi, tuma chochote ulicho nacho. Chini kuna namba ya simu na jina ambalo hulijui.

Unataka kutuma. Kidole kiko tayari. Halafu maswali mawili yanakuja: hii namba ni ya nani? Na nikituma, nitajuaje pesa imemfikia huyo dada?

Kujiuliza hivyo si uchoyo. Mchango mwingi wa kusaidia wanawake unakwama hapo, hata pale ambapo hakuna mtu ameiba chochote. Kwa hivyo leo tunaongea na wewe unayechanga, na pia na wewe ambaye kesho utaombwa kushika pesa ya wengine.

Kutoka mabati hadi simu

Kuchangiana hakukuletwa na simu. Miaka ya 1960 na 1970, hasa eneo la Kati, kulikuwa na vikundi vya wanawake vilivyojulikana kama vikundi vya mabati. Wanachama walichanga kidogo kidogo, wengine wakilima mashamba ya watu kama vibarua ili kupata hiyo pesa, kisha wakamnunulia mwenzao mabati ya kuezeka nyumba. Zamu ikiisha, wanahamia kwa mwingine.

Ripoti haikuwa na haja kubwa. Ukipita barabarani, pesa yako ulikuwa unaiona iking'aa juu ya paa.

Huduma ya pesa kwa simu ilipoanza Kenya Machi 2007, mambo yalibadilika. Leo mgonjwa anaweza kuwa Kisii, anayechanga awe Mombasa, na rafiki yao mwingine atume kutoka Doha. Pesa inafika kwa sekunde chache, lakini paa halionekani tena. Sasa rekodi ndiyo inafanya kazi ya lile paa.

Kelele ni za wiki, kesi ni ya miaka

Mitandao imewapa wanawake wa Kenya sauti kubwa, na hilo hatuwezi kulipuuza. Mwaka wa 2013, msichana wa miaka 16 kutoka Busia, aliyepewa jina Liz ili kumlinda, alibakwa na genge la wanaume. Washukiwa waliachiliwa baada ya kupewa adhabu ya kukata nyasi katika kituo cha polisi. Habari ilipotoka gazetini, ombi la mtandaoni la kudai haki lilipata saini zaidi ya milioni 1.

Mwaka uliofuata, wanawake wa kikundi cha Facebook cha Kilimani Mums waliitisha maandamano Nairobi baada ya mwanamke kuvuliwa nguo hadharani kwenye stendi ya matatu. Novemba 17, 2014 walitembea chini ya alama ya reli #MyDressMyChoice. Kabla ya mwaka kuisha, sheria ilirekebishwa, na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 10. Tena Januari 27, 2024, maelfu ya watu walijaza barabara za miji kadhaa kupinga mauaji ya wanawake.

Lakini angalia tarehe za kesi ya Liz. Alishambuliwa Juni 2013. Wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15 Aprili 2015. Hiyo ni karibu miaka miwili.

Kutia saini ni bure. Kungoja hukumu si bure. Kuna dawa, kuna nauli ya mashahidi kila kesi inapotajwa, kuna kodi ya nyumba ya mama ambaye hawezi kurudi kwa mumewe, kuna chakula cha watoto. Wiki ya kwanza kila mtu anatuma. Mwezi wa sita ni wachache wanaokumbuka, na hao wachache wanaendelea tu kama wanaiamini rekodi.

Kwa nini laini yako ya kawaida haifai

Mara nyingi mchango unaanzia kwa laini ya yule aliye karibu. Tunaelewa, ni dharura. Lakini kuna mambo matatu yanayoweza kukuharibia jina bila wewe kukosea.

La kwanza ni kiwango. Kwa M-Pesa, kwa mfano, laini ya mtu binafsi haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000. Mchango ukishika moto mtandaoni, pesa nyingine itakataa kuingia wakati inahitajika zaidi.

La pili ni madeni. Kama una deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia inakatwa kwanza kulipa deni hilo. Fikiria watu kumi wamekutumia 200 kila mmoja, jumla 2,000, na wewe unadaiwa 1,500. Salio linasoma 500. Hujagusa pesa ya mtu, lakini sasa nenda ukaeleze grupu la watu mia mbili zile zingine zimeenda wapi.

La tatu ni kuchanganyika. Ukinunua unga na mboga kwa laini hiyo hiyo, taarifa yako ya mwezi haiwezi tena kuonyesha ipi ni ya mgonjwa na ipi ni yako. Hata wewe mwenyewe utapotea.

Njia zilizo salama zaidi

Kama ni bili ya hospitali, mara nyingi hutahitaji kushika pesa kabisa. Hospitali nyingi zina Paybill yake. Pata namba hiyo kutoka kwa ofisi ya malipo, na mahali pa akaunti watu waweke namba ya mgonjwa. Kila mmoja analipa moja kwa moja, na mwisho hospitali inatoa risiti.

Kama mahitaji ni mengi na yataendelea, tumieni akaunti ya kikundi. Chama kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti au kupata Paybill kwa jina lake. Andaeni cheti cha usajili, kumbukumbu za mkutano ulioamua jambo hilo, na vitambulisho vya viongozi. Wekeni watu wawili au watatu wa kuidhinisha kila pesa inayotoka. Anayeomba mchango mtandaoni asiwe ndiye anayeshika pesa.

Kama hakuna muda wa hayo yote, angalau chukueni laini mpya isiyo na deni, iwe ya mchango peke yake. Semeni mapema kwa grupu ni ya nani, na ni wangapi wataiona taarifa yake.

Ripoti inayojenga imani

Ripoti si lazima iwe ndefu. Kila jioni, saa ile ile, andikeni mistari minne: tulikuwa na kiasi gani jana, kimeingia nini leo, kimetoka nini na kwa kazi gani, kimebaki nini. Ambatisheni risiti. Siku ambayo hakuna kilichoingia, andikeni hivyo pia.

Kuna vitu vya kuficha. Kabla ya kurusha picha ya skrini, funika namba za simu za waliochanga. Na huyo dada je? Uso wake, jina lake na mahali alipolala si vya kuvutia michango. Mwanamume aliyempiga anaweza kuwa kwa grupu lile lile. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu binafsi, lakini hata bila sheria, mwulize kwanza. Akikataa, mchango uendelee bila picha.

Kubalianeni pia mapema pesa ikibaki itaenda wapi. Swali hili ni gumu kuuliza mgonjwa akiwa wodini, lakini ni gumu zaidi baadaye, hasa akiaga dunia.

Wewe unayetuma, angalia haya

Matapeli wanapenda michango ya huruma. Wanachukua bango la kweli, wanabadilisha namba tu, wanalisambaza upya. Usitume kwa bango lililotumwa mara nyingi bila kujulikana lilikoanzia. Pigia mtu unayemjua wa kikundi hicho. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Likitofautiana na lililotangazwa, simama.

Mweka hazina naye ajihadhari na simu ya, "Pole dada, nimetuma kimakosa, nirudishie." Angalia salio, usiamini meseji peke yake. Hata kama pesa imeingia kweli, usiitume kwa mkono. Mwambie aliyetuma afuate utaratibu wa kurudishiwa pesa. Kwa M-Pesa, yeye ndiye anapeleka meseji ya muamala kwa 456. Na PIN haipewi mtu, hata mwenyekiti.

Jambo la mwisho si la pesa. Ikiwa wewe au jirani yako yuko hatarini usiku huu, piga 1195, laini ya bure ya kusaidia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, au 116 ikiwa ni mtoto. Msaada huo hausubiri mchango ufike.

Halafu ukitulia, rudi kwa ile meseji ya saa tatu usiku. Uliza namba ni ya nani, na nani ataiona taarifa. Ukijibiwa vizuri, tuma. Na weka na ya kutoa.