Kisiwa Kilichopima Naili

Wanangu, maji ya Naili yanayotoka Ziwa Victoria pale Jinja, Uganda, yana safari ndefu. Yanazurura kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, yanakutana Khartoum na ndugu zake waliotoka milima ya Ethiopia, kisha yanashika njia ya jangwani. Yakifika Aswan, kusini mwa Misri, yanakuta miamba ya matale imejaa mtoni. Mbele kidogo ya miamba hiyo kuna kisiwa kiitwacho Elephantine. Ni kidogo: urefu kama kilometa 1.2, upana haufiki nusu kilometa. Lakini watu wamekaa hapo kwa zaidi ya miaka 5,000, na bado wapo.

Miamba ndiyo iliyowaweka. Zamani chombo kilichopanda kutoka kaskazini kilikwama hapo, mizigo ikashushwa. Na panaposhushwa mizigo hapakosi soko, ushuru na askari. Ndiyo maana Elephantine ikawa mlango wa Misri upande wa kusini.

Mmoja wa wakubwa wa kisiwa aliitwa Harkhuf. Aliongoza misafara kwenda nchi ya Yam, mbali kusini. Safari moja alirudi na punda 300 waliobeba pembe za ndovu, mpingo, ubani na ngozi za chui. Safari nyingine alirudi na mtu mfupi sana wa kimo, hodari wa kucheza ngoma. Habari zikamfikia mfalme wa Misri, Pepi wa Pili, ambaye wakati huo alikuwa mtoto tu. Akaandika barua: Harkhuf aje upesi, na mgeni huyo azungukwe na watu chomboni asije akatumbukia majini, na usiku akaguliwe mara kumi! Harkhuf aliona fahari hata akaichonga barua yote kwenye kaburi lake, ng'ambo ya mto. Miaka zaidi ya 4,200 imepita na bado tunasikia pupa ya mtoto yule. Natamani sana na yule mchezaji angetuachia neno lake, maana hakuna aliyemuuliza kama alitaka kwenda.

Sasa njooni kwenye ngazi. Ukingoni mwa kisiwa kuna ngazi ya mawe inayoteremka hadi mtoni, na ukutani pamechongwa alama za dhiraa. Kila mwaka, kuanzia Juni, mvua za Ethiopia ziliujaza mto, nao watu wa Elephantine walikuwa wa kwanza Misri nzima kuona mafuriko yanafika. Walisoma alama ukutani. Maji yakiwa haba, mashamba ya kaskazini yangekosa tope lenye rutuba, na njaa ingeingia. Yakizidi mno, yangebomoa vijiji. Kwa kipimo hicho serikali ilikisia mavuno, na kwa mavuno ikapanga kodi. Mkulima aliye mamia ya kilometa kaskazini alipangiwa kodi yake kwa alama za ukuta ambao huenda hakuwahi kuuona.

Wageni nao walikaa. Katika karne ya 5 KK, Waajemi walipoitawala Misri, askari Wayahudi waliishi kisiwani na familia zao. Waliacha karatasi za mafunjo zilizoandikwa Kiaramu: mikataba ya ndoa, hati za nyumba, na barua ya kuomba msaada wa kulijenga upya hekalu lao lililobomolewa mwaka 410 KK.

Lambo kubwa la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, lilikomesha mafuriko ya kila mwaka. Ziwa lililojaa nyuma yake lilizamisha nchi ya Wanubi. Upande wa Misri peke yake, watu wapatao 50,000 walikuwa wamekwisha kuhamishwa miaka ya 1963 na 1964. Hasara hiyo hailipiki. Elephantine haikuzama, kwa kuwa iko kaskazini mwa lambo, yanakoelekea maji. Vijiji vyake viwili vya Wanubi, Siou na Koti, vipo hadi leo, vina mitende na miembe, na hakuna daraja: anayekwenda mjini Aswan huvuka kwa mashua.