Je, Wajua? Omena Wetu na Shirika la Jinja

Uvuvi wa omena wanaoanikwa Mbita, Homa Bay, na Muhuru Bay, Migori, huratibiwa pia na shirika la nchi kadhaa: Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1994 na Kenya, Uganda na Tanzania. Makao yake makuu yako Jinja, Uganda. Makala ya marejeo kuhusu shirika hili inayoishia kwenye nchi hizo tatu imepitwa na wakati, kwani mwaka 2016 mkataba ulirekebishwa, nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikafunguliwa mlango. Kibaya zaidi ni makala kunukuu ripoti za ofisini tu, huku mvuvi anayekesha ziwani na taa zake akisahaulika. Ukisoma makala kama hiyo, angalia imeandikwa lini, na nani amenukuliwa.