Madoa Yaliyoanzia Kooni

Mama mmoja wa Nyalenda ananiuliza kuhusu bintiye wa miaka tisa. Mtoto ana mabaka yenye magamba kichwani. Amepakwa dawa ya mashilingi kwa miezi bila nafuu, na sasa madoa madogo yametapakaa mgongoni na tumboni. Mwalimu anataka akae nyumbani hadi apone. Lililonishtua zaidi katika barua hiyo ni jambo aliloligusia tu: wiki mbili kabla ya madoa, mtoto aliugua mafindofindo hata uji ukamshinda kumeza.

Mtoto hapimwi kwa barua. Hata hivyo, koo kwanza na madoa baadaye ndiyo njia inayopitwa mara nyingi na soriasisi ya watoto, na ni njia ya ajabu kweli.

Bakteria aitwaye streptokoki akivamia koo, chembe nyeupe za damu za aina ya T hujifunza kumtambua kwa protini yake ya M. Vipande vya protini hiyo hufanana mno na keratini, protini inayojenga ngozi yetu. Kwa mtoto aliyerithi jeni fulani, hasa HLA-C*06:02, chembe hizo hutoka kwenye mafindofindo, zikasafiri na damu hadi ngozini, na huko zikadhani zimemkuta adui yuleyule. Humwaga vichocheo, kimojawapo interlukini-17, na seli za ngozi zikaanza kuzaliana kwa pupa.

Anayeanika omena ufukoni Dunga ataelewa kinachofuata. Omena iliyokauka sawasawa humwagika guniani mojamoja. Ukiizoa ingali mbichi, inashikana, unainua bonge zima. Seli ya ngozi nayo huzaliwa chini, hupanda polepole huku ikikauka na kupoteza kiini chake, ikifika juu inapukutika bila mtu kuiona. Safari hiyo huchukua takriban mwezi. Penye soriasisi ni siku tatu hadi tano tu: seli inafika juu mbichi, kiini kingali ndani, imegandana na jirani zake. Bonge hilo ndilo gamba jeupe linalodondoka kwenye kola ya sare.

Vitabu vingi husema baka ni jekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huwa la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokolea, ndiyo maana soriasisi ya kichwani hudhaniwa kuwa mashilingi.

Mpeleke kwa daktari wa ngozi. Mjini Kisumu, ulizia hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia. Madoa ya namna hii mara nyingi hufifia baada ya wiki au miezi kadhaa, ingawa kwa wengine hurudi. Krimu za steroidi za kujinunulia, usimpake.

Na shule? Daktari akithibitisha ni soriasisi, arudi siku hiyohiyo. Haiambukizi kwa kitana, kwa kitanda wala kwa kugusana. Ila zungumza na kinyozi. Mwaka 1872, daktari Mjerumani Heinrich Köbner alieleza kwamba soriasisi huchipuka palipokwaruzwa, kwa hiyo mashine ipite juujuu, na wembe usimguse kabisa.