Simu Ikipotea, Namba Zisipotee

Siku hizi simu imekuwa daftari na albamu. Ndani yake mna namba ya mnunuzi wa pamba, picha ya marehemu baba na kumbukumbu za kikundi. Lakini simu huibwa mnadani, na hutumbukia kisimani. Ikienda, vitu hivyo vitapatikana tena? Inategemea viliwekwa wapi.

Fedha kwanza, maana ndizo zinazotutia hofu. Fedha za M-Pesa au Airtel Money hazimo ndani ya simu, wala ndani ya laini. Zimeandikwa kwenye akaunti yako huko kampuni. Toa taarifa mapema laini ifungwe, kisha nenda na kitambulisho upewe laini mpya yenye namba ile ile. Kama hakuna aliyejua namba yako ya siri, fedha utazikuta.

Majina na namba za watu ni jambo jingine. Huweza kukaa mahali patatu: kwenye laini, kwenye simu yenyewe, au kwenye akaunti ya Google. Laini mpya huja tupu. Namba za jamaa zako haina. Zilizo kwenye simu hupotea na simu. Zilizo kwenye akaunti zimo katika mitambo ya Google, na haziendi pamoja na simu. Basi unapoandika jina jipya, chagua lihifadhiwe kwenye akaunti.

Kwa simu za Android, fungua Mipangilio, tafuta Google, kisha palipoandikwa kuhifadhi nakala. Washa hapo. WhatsApp ina mahali pake pa kuhifadhi nakala, ndani ya mipangilio yake yenyewe. Picha huhifadhiwa na programu ya Google Photos. Nafasi ya bure ni GB 15 kwa vyote hivyo, na video hujaza upesi na kula bando. Sisi tunaona afadhali uchague picha chache usizotaka kuzikosa. Memori kadi nayo inafaa, ila kadi inayokaa ndani ya simu huibwa pamoja na simu!

Sasa, wengi hukwama kwenye nenosiri. Mtu ananunua simu, kijana wa dukani anamfungulia akaunti haraka haraka, nenosiri analijua yeye tu, na kesho kalisahau. Hilo ni ghala lililofungwa, ufunguo haupo. Kama ndivyo ilivyo kwako, fungua akaunti yako mwenyewe leo, simu ikiwa bado mkononi. Iandikishe namba yako ya simu humo. Jina la akaunti na nenosiri uandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, pamoja na namba kumi za watu unaowahitaji sana. Kusoma na kuandika tulijifunza kwa kazi kama hizi.

Siku ya kurudisha, anza na laini, maana Google na WhatsApp huweza kutuma tarakimu za uthibitisho kwa ujumbe kwenye namba yako. Kisha washa simu mpya, na ikikuuliza akaunti, ingiza ile ile ya zamani. Majina yatashuka yenyewe pakiwa na intaneti. Kwa WhatsApp, tumia namba ile ile na akaunti ile ile. Itakuuliza kama unataka kurudisha nakala. Usiruke swali hilo. Ukiliruka, itakubidi uiondoe programu na kuiweka upya ndipo iulize tena.