Sekunde Moja, Michoro 12

Bodaboda inafunga breki ghafla kwenye taa za barabarani za Wandegeya, jijini Kampala. Magurudumu yamesimama, lakini dereva bado anakwenda: kifua kinainamia usukani, abiria anamgonga mgongoni, kisha wote wawili wanarudi nyuma na kutulia. Ni sekunde moja hivi. Mchoraji wa filamu za katuni akitaka kuionyesha kwa mkono, kwa kawaida atachora michoro 12 na kila mmoja kuupiga picha mara mbili, maana sinema hupitisha fremu 24 kwa sekunde.

Uzuri wote umo katika nafasi kati ya mchoro na mchoro. Zikilingana, dereva atateleza kama boksi juu ya sakafu. Kwa hiyo mchoraji hodari huupa ule mrusho wa kwenda mbele michoro miwili au mitatu tu, iliyoachana sana. Kule kutulia hupewa mingi, kila mmoja ukipishana na mwenzake kwa upana wa mstari wa penseli. Hapo mwili unapata uzito.

Mwendo wenyewe haupo kwenye karatasi. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alionyesha, huko Ujerumani, kwamba alama mbili zisizosogea zikimulikwa kwa zamu na kwa kasi inayofaa, mtu huona kitu kimoja kinachohama. Pengo linazibwa na ubongo. Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Sweden akawaonyesha watu nukta chache za mwanga zilizowekwa kwenye viungo vya mtu anayetembea gizani. Zilipotulia hazikueleweka, zilipoanza kusogea, watazamaji walimwona binadamu papo hapo. Ndiyo maana mistari minne mitano ya penseli inaweza kuishi.

Filamu fupi ya Kampala A Kalabanda Ate My Homework, iliyoongozwa na Raymond Malinga mwaka 2017, imetengenezwa kwa kompyuta. Mwanafunzi anadai kazi yake ya shule imeliwa na kalabanda, zimwi ambalo watoto wa shule nchini Uganda hutishana nalo. Kompyuta hujaza fremu za katikati yenyewe, lakini haijui mtoto anayejitetea mbele ya mwalimu asite wapi, wala kwa muda gani. Hayo huamuliwa na mtu, kwa ujuzi uleule uliozaliwa kwenye penseli.

Hata hivyo, mkono una kitu chake. Mstari unaochorwa upya kila mara haulingani kabisa na uliotangulia, basi hutetemeka kidogo hata mhusika akiwa amesimama. Mkenya Ng'endo Mukii, katika Yellow Fever ya 2012 inayozungumzia wanawake wanaojichubua, aliunganisha michoro ya mkono na picha za watu halisi. Kwa filamu inayohusu ngozi, ulikuwa uamuzi sahihi kabisa.

Anayetaka kujaribu achukue daftari, achore mpira unaodunda kwenye pembe za kurasa 24, kisha azipeperushe kwa sekunde mbili. Mara ya kwanza aache nafasi sawa. Mara ya pili azibane mpira ukiwa juu, azipanue unapokaribia chini.