Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwa jina gani?

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi niliiamini methali hii bila kuihoji, hasa katika mambo ya muziki. Nilidhani bendi nzuri haihitaji kupigiwa debe. Harusi moja huko Manyatta, Embu, ndiyo iliyonifumbua macho.

Ilikuwa Jumamosi, katika boma lililozungukwa na majani chai, kule ambako barabara kutoka mjini Embu hupanda kuuelekea Mlima Kenya. Vijana wanne walikuwa chini ya turubai na magitaa mawili, besi na ngoma. Walipiga benga, lakini si ile ya kuiga redioni. Waliimba kwa Kiembu, na kila mwimbaji aliponyamaza, gitaa la solo lilimjibu kama mtani wake. Wazee waliweka sahani chini wakainuka. Nami nilicheza hadi viatu vikajaa vumbi. Jioni niliondoka nikiwa na furaha tele, ila sikuuliza jina lao.

Mwaka uliofuata binti ya dada yangu alikuwa akijiandaa kuolewa. Nikamwambia kwa majivuno kwamba nawajua wapigaji hodari.

"Wanaitwaje, mjomba?" akaniuliza.

Niliduwaa. Niliwapigia simu waliokuwa wenyeji wetu siku ile, wakanielekeza kwa jamaa aliyewaleta vijana wale, naye nambari yake haikupatikana tena. Hatimaye tulicheza nyimbo za kwenye simu zilizounganishwa na spika ya kukodi. Vijana wale walikosa kazi ya siku nzima kwa sababu ya uzito wa ulimi wangu.

Tafakari, msomaji. Mwaka wa 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko uitwao Kenya Special, wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 ambazo wengi wetu tulikuwa tumezisahau. Mkusanyiko wa pili ulifuata mwaka wa 2016. Humo zimo bendi kama Mombasa Vikings na Lulus. Hapa nyumbani nako, Ketebul Music ya Nairobi ilitoa historia ya benga mwaka wa 2008.

Je, kazi hizo za kale zilipatikanaje? Nyingi zilikuwa katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za aina iliyouzwa River Road, Nairobi. Kila santuri ilibandikwa karatasi katikati, na karatasi hiyo ilibeba jina la bendi. Santuri ilipofufuliwa kutoka vumbini, mpigaji alifufuka pamoja nayo. Bendi ya harusini haina santuri. Jina lake, likiandikwa popote, huandikwa kwa rangi ubavuni mwa ngoma.

Najua wapo watakaosema kwamba siku hizi kila kijana ana simu na aweza kuutia wimbo wake mtandaoni. Ni kweli. Lakini mtandao ni soko kubwa mno, na aingiaye humo bila kujua jina la amtafutaye huuziwa kilichopangwa mbele, yaani kazi za wale ambao tayari ni mashuhuri. Chema hakijiuzi pasipo mtu wa kukitaja.

Basi nina rai tatu. Kwanza, ukivutiwa na wapigaji, waulize jina na nambari ya simu kabla hujaondoka, nawe uandike. Pili, watunze mkononi, hata kama ni kwa shilingi mia moja, maana nyuzi za gitaa hukatika na hununuliwa. Tatu, mtajie mtu mmoja habari zao, na usiseme tu kwamba ni wazuri. Mweleze walipiga wapi, waliimba lugha gani, na gitaa lilisema nini. Sifa isiyo na maelezo haimsaidii anayetafuta bendi.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini hatuwezi kumtunza tusiyemjua. Mimi bado nawatafuta wanne wale. Kila nifikapo soko la Manyatta huwauliza wauzaji na madereva wa matatu. Iwapo nawe uliwahi kuchezeshwa nao pande hizo, ukakumbuka kuwauliza jina, tafadhali niambie. Desemba tuna harusi nyingine.