Je, Wajua? Theluji Imefika Ngamiani

Je, wajua kwamba gari lako dogo huenda linatembelea matairi ya theluji? Baadhi ya Vitz na Passo zinazoletwa kutoka Japani zimetumika sehemu za baridi kama Hokkaido, na zinashuka melini na matairi yale yale ya huko. Chungulia ubavuni: ukikuta neno STUDLESS, ndilo hilo. Kashata zake nazo zinajitangaza, kila tofali la mpira limechanjwa mistari myembamba chungu nzima, utadhani mtu kapita na wembe.

Je, wajua neno hilo lilitoka wapi? Wajapani walikuwa wakitumia matairi yenye misumari. Misumari ikasaga lami, vumbi likajaa mijini, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia. Bridgestone walikuwa wameshatangulia: Blizzak yao, isiyo na misumari, yaani studless, iliingia sokoni 1988. Wafini ni wakongwe zaidi. Kiwanda kilichokuja kuwa Nokian kilitoa tairi la theluji la malori mwaka 1934.

Je, wajua kwamba siri iko kwenye mpira wenyewe? Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, tairi la kawaida hukakamaa na la theluji hubaki laini. Sasa kwetu Ngamiani, Tanga mjini, nani kaziona nyuzi 7, hata alfajiri ya Julai? Juu ya lami ya Februari, saa nane mchana, mpira huo hulegea, hulika upesi, na ukikanyaga breki gari linakwenda mbele kuliko ulivyotarajia. Masika nayo ina yake, kwani tairi lililobuniwa kung'ang'ania barafu halisifiki sana kwenye barabara iliyolowa. Kwa hiyo muuzaji wa mitumba akikuapia kwamba “kashata zote zipo, bosi”, huenda hasemi uongo. Ila hilo silo swali la kwanza la kumuuliza.

Swali la kwanza ni namba. Watu wa Ngamiani, tuliozoea kuelekezana nyumba kwa barabara ya ngapi, hatuna sababu ya kuziogopa. Chukua 165/70R14 81Q, saizi ya Vitz nyingi za kuanzia 2005. Upana ni milimita 165. Kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani. Rimu ni inchi 14. Ile 81 maana yake tairi moja linabeba kilo 462. Q ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 160 kwa saa, na ndiyo herufi utakayoikuta mara nyingi kwenye matairi ya theluji ya Kijapani. Kisha tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Kipara unakiona kwa macho, uzee hauuoni.

Je, wajua kwamba wenye theluji wengi hushusha rimu msimu wa baridi? Wa 15 anavaa 14, tairi linakuwa jembamba lenye ubavu mrefu, linazama kwenye theluji hadi kugusa barabara, na bei inapungua. Vijana wetu wanakwenda kinyume, wanapandisha spoti rimu hadi ubavu wa tairi unabaki kama chapati. Shimo moja tu, rimu imepinda. Mwenye safari za barabara za vumbi anahitaji ubavu mrefu, mradi rimu isiwe ndogo kiasi cha kugusa breki.

Ukibadili saizi, linda kimo cha tairi zima. 165/70R14 ina milimita 587 hivi. 185/55R15 ina 584 au 585. Hayo ni ndugu. Lakini ukiipa Vitz 195/65R15 ya Premio, unafika milimita 634, asilimia 8 zaidi. Mshale uliokuwa ukisema kweli utakuonyesha 50 nawe uko 54. Trafiki mwenye tochi hatakubali hesabu hii. Saizi sahihi na upepo wake vimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. 220 kwa kipimo cha Kijapani ni kama 32 ya fundi pancha.

Je, wajua kwamba Muheza, hapo jirani tu, kuna shamba la mpira la Kihuhwi, lililokuwa mali ya kiwanda cha matairi cha General Tyre cha Arusha? Kiwanda kilifungwa. Ndiyo maana tunachambua mitumba ya Hokkaido.

La mwisho, la kumuuliza fundi kabla hajafunga. Rimu za Vitz, Nissan March na Honda Fit zina matundu manne yaliyopangwa kwa duara la milimita 100, zinaingiliana kama za tumbo moja. Lakini tundu la katikati la Vitz ni milimita 54.1, la Fit 56.1, la March 60.1. Rimu ya March kwenye Vitz itaingia kwa ulegevu na usukani unaweza kutetemeka, hadi uipatie ringi ya kuziba nafasi. Na nati zake usizichukue: uzi wa Toyota ni 1.5, wa Nissan 1.25. Ukilazimisha kwa spana, unaharibu bolti.